Umbali na displesimenti: tafuta pale kitu kilipogeuka

Tuanzie Dar, pale Magogoni kwenye pantoni. Mi naona pantoni ni mfano mzuri kuliko ile mifano ya vitabuni ya "mtu A na mtu B", maana inaenda ng'ambo inarudi, inaenda inarudi, kutwa nzima njia ni karibu ile ile, na mwendo wa mstari mnyoofu ndo huo, una mbele na una nyuma basi, hamna kona. Tuseme kutoka gati la Magogoni mpaka gati la Kigamboni ni mita 400 (namba ya kufanyia hesabu tu hiyo, usije ukaenda kubishana na nahodha). Pantoni imeanzia Magogoni alfajiri na mpaka sasa imevuka mara 7. Imetembea kiasi gani? 7 × 400, mita 2,800. Haya na sasa hivi iko wapi? Iko Kigamboni, mita 400 kutoka ilipoanzia. Ile 2,800 ndo umbali. Ile 400, ukiongezea na maneno "upande wa Kigamboni", ndo displesimenti.

Ikivuka ya nane umbali unafika 3,200 na displesimenti inakuwa sifuri. Sifuri kabisa. Mafuta yameungua, nauli imekusanywa, watu wamekanyagana mlangoni, alafu unaambiwa sifuri, na hapo ndo wengi wanagoma, wanaona kama fizikia imedharau kazi ya watu. Haijadharau. Umbali unauliza umepita njia ndefu kiasi gani. Displesimenti inauliza kitu kingine kabisa, kwamba kutoka pale ulipoanzia mpaka hapa ulipo ni kiasi gani na ni upande gani, haina habari na yaliyotokea katikati. Kwa hiyo ukipewa swali, kabla hata hujashika kalkuleta, jiulize kwanza anayeuliza anataka lipi kati ya hayo mawili.

Na kuna sentensi moja inazunguka sana kwenye notisi za wanafunzi, kwamba "kwenye mstari mnyoofu umbali na displesimenti ni sawa". Ifute. Pantoni inatembea mstari mnyoofu na umeshaona 3,200 na sifuri hazifanani hata kidogo. Kinachofanya viwe sawa ni kutogeuka. Kitu kikienda upande mmoja tu bila kurudi nyuma hata hatua moja, umbali unalingana na ukubwa wa displesimenti. Kikigeuka tu, hata kidogo, umbali unaanza kuizidi na hauji kulingana nayo tena, maana umbali haupungui kamwe, unaongezeka au unasimama pale kitu kikisimama, lakini displesimenti yenyewe inapanda, inashuka, inafika sifuri, inavuka mpaka upande wa hasi. Kwa hiyo kazi yako yote kwenye mada hii, na sikutanii, ni kutafuta pale kitu kilipogeuka.

Sasa jinsi ya kufanya. Chora mstari. Najua unaona utoto lakini chora, hata kama swali lina alama mbili tu. Chagua sehemu uiite sifuri, alafu chagua upande mmoja uuite chanya na mwingine hasi, na ukishachagua usibadilishe mpaka swali liishe. Kwa pantoni sifuri ni gati la Magogoni na chanya ni kuelekea Kigamboni. Mtu mwingine anaweza kuamua chanya ni kuelekea Magogoni, na hajakosea, displesimenti yake itakuja na alama ya kinyume na yako lakini mtakuwa mnazungumzia kitu kile kile, na umbali wenu utakuwa sawa sawa kwa sababu umbali haujali nani kachagua nini. Hiyo alama ya chanya au hasi ndo mwelekeo wenyewe. Kwenye mstari mnyoofu huhitaji mishale wala nyuzi za pembe, alama tu inatosha, na kwa vile displesimenti ina mwelekeo ndo maana inaitwa vekta, umbali hauna mwelekeo kwa hiyo unaitwa skela. Ukiandika "displesimenti ni mita 400" bila kusema upande gani wala kuweka alama, umejibu nusu, na msahihishaji mkali anakukata.

Alafu kuna kitu cha tatu watu wanakisahau, mahali. Mahali ni ile namba ya pale kitu kilipo kwenye mstari wako, na displesimenti ni tofauti ya mahali pawili: pa mwisho toa pa mwanzo. Siyo lazima safari ianze kwenye sifuri! Chukua barabara iliyonyooka yenye vibao vya kilomita pembeni. Umepandia basi kwenye kibao cha 30, limekwenda mpaka kibao cha 50, kondakta kakumbuka ameacha mzigo wa mtu, wakageuza wakarudi mpaka kibao cha 22. Mahali pa mwisho ni 22, pa mwanzo ni 30, kwa hiyo

displesimenti = 22 − 30 = −8

yani kilomita 8 kurudi nyuma ya ulipopandia. Umbali sasa: kutoka 30 mpaka 50 ni 20, kutoka 50 mpaka 22 ni 28, jumla kilomita 48. Angalia ile 50, kwenye displesimenti haijaguswa kabisa, lakini kwenye umbali ndo mhimili wa hesabu yote, bila kujua kwamba basi liligeukia kwenye 50 umbali huupati. Na ile −8 siyo hasara wala kosa, mtu akiona alama ya kutoa anaanza kurudia hesabu akidhani kapotea, hapana, inakwambia tu uko upande wa pili wa ulipoanzia.

Rudi kwenye pantoni nikupe la mtego kidogo. Imevuka mara 7, ikaanza safari ya nane kurudi Magogoni, ilipofika mita 150 injini ikazima. Umbali ni 2,800 + 150, mita 2,950. Displesimenti je? Wanaokosea wanatoa 150 kwenye 2,800, wengine wanaandika 150 kavu kavu. Uliza iko wapi: ilikuwa Kigamboni, yani 400, ikarudi 150, kwa hiyo iko kwenye 250. Displesimenti ni mita 250 kuelekea Kigamboni. Hata ungekuwa umelala safari zote saba ukaamka tu pale injini ilipozima, ungeweza kuipata, ilimradi unajua ilianzia wapi. Umbali usingeupata.

(Nje ya mstari mnyoofu kidogo: mtu anayeogopa foleni ya pantoni akaamua kuzunguka na gari kwenye lile Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, akianzia gati la Magogoni na kuishia gati la Kigamboni, ana displesimenti ile ile ya mita 400 kama aliyevuka na pantoni, japo yeye kachoma kilomita kibao. Ndo maana wanasema displesimenti ni njia ya mkato ya kunyooka. Ila ukiishia kusema "ni umbali mfupi" tu bila mwelekeo, bado haijakamilika.)

Sasa kasi na velositi, maana hivi viwili vinafuata nyayo zile zile. Wastani wa kasi ni umbali wote gawa kwa muda wote. Wastani wa velositi ni displesimenti gawa kwa muda wote. Muda ni ule ule, kinachobadilika ni cha juu. Linganisha mbio mbili za mita 100. Usain Bolt, Berlin 2009, sekunde 9.58, kakimbia moja kwa moja bila kugeuka: umbali 100, displesimenti 100, wastani wa kasi na ukubwa wa wastani wa velositi vyote ni kama mita 10.44 kwa sekunde. Njoo sasa kwenye kuogelea, Paris 2024, Pan Zhanle wa China, mita 100 mtindo huru, sekunde 46.40. Bwawa la Olimpiki lina urefu wa mita 50, kwa hiyo anaenda, anajipindua ukutani, anarudi kugusa ukuta wa pale pale alipoanzia. Umbali 100, wastani wa kasi kama mita 2.16 kwa sekunde, rekodi ya dunia wakati ule. Displesimenti sifuri. Wastani wa velositi sifuri.

Mtu ukimwambia bingwa wa dunia ana wastani wa velositi sawa na wa mtu aliyekaa kwenye kiti anacheka, ila hesabu ndo inasema hivo, na inasema hivo kwa sababu mita 50 za kwenda zimefutwa na mita 50 za kurudi. Angalia lakini usichanganye na velositi ya papo kwa papo. Akiwa katikati ya bwawa velositi yake siyo sifuri hata kidogo, ana mita mbili na kitu kwa sekunde kwenda mbele, au hasi mita mbili na kitu wakati wa kurudi. Kwa muda mmoja mdogo kabisa kasi ni ukubwa wa velositi, hazipishani. Kwenye wastani wa safari nzima ndo zinapishana, na zinapishana tu kama kulikuwa na kugeuka.

Umuhimu wake nje ya mtihani upo, na Wakenya wanaujua vizuri. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alishinda Boston Marathon kwa 2:03:02, wakati ambapo rekodi ya dunia ilikuwa 2:03:59 ya Haile Gebrselassie. Kaipita kwa karibu dakika nzima, lakini haikuandikwa kuwa rekodi. Sheria za riadha za kimataifa zinataka mstari wa moja kwa moja kati ya mwanzo na mwisho wa mbio za barabarani usizidi nusu ya urefu wa mbio, kwa marathoni ina maana kama kilomita 21 na mita mia hivi, na pia barabara isishuke zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita. Boston inaanzia Hopkinton inaenda karibu upande mmoja mpaka mjini, yani displesimenti yake iko karibu na umbali wenyewe, na juu ya hapo inashuka kuliko inavyoruhusiwa. Shida ya displesimenti kubwa ni upepo. Mbio zikizunguka na kurudi, upepo uliokusukuma unakuja kukupiga usoni, lakini ukienda upande mmoja kilomita 42 na upepo uko mgongoni, kama ulivyokuwa siku ile Boston, unakubeba mwanzo mwisho. Waliotunga hiyo sheria walichofanya ni kuweka kikomo kwenye displesimenti wakati umbali umebaki ule ule wa kilomita 42.195. Mi naona Mutai alionewa kidogo na jiografia, ila hoja ya sheria naielewa.

Kinyume chake ni Eliud Kipchoge kule Vienna, 12 Oktoba 2019, siku aliyokimbia 1:59:40. Sehemu kubwa ya mbio zile ilikuwa kwenye barabara ya Hauptallee ndani ya bustani ya Prater, barabara iliyonyooka kama kilomita 4.3, anaenda anageuka anarudi, tena na tena. Umbali unapanda mpaka kilomita 42.195 huku mwenyewe hajawahi kuwa mbali na pale bustanini zaidi ya kilomita chache. Ni pantoni ya Kigamboni yenye miguu. (Ile haikuhesabiwa rekodi kwa sababu nyingine, wasindikizaji walikuwa wanapokezana na hayakuwa mashindano ya wazi, haikuwa suala la displesimenti.)

Haya, sasa sehemu inayoua watu kwenye mtihani, zile fomula tatu za mwendo. v = u + at, s = ut + ½at², v² = u² + 2as (u ni velositi ya mwanzo, v ya mwisho, t ni muda, a ni mchapuko, yani velositi inabadilika kiasi gani kila sekunde, na hapa mchapuko wenyewe haubadiliki). Hiyo s mwalimu akiandika ubaoni mara nyingi anasema "s ni umbali" kwa haraka, na kwa maswali ya gari linaloongeza mwendo barabarani haina madhara kwa sababu gari halijageuka. Lakini s ni displesimenti. Siku zote. Fomula haijui kitu kilipita wapi, inajua tu kiko wapi kuhusiana na kilipoanzia.

Rusha jiwe juu kwa mita 20 kwa sekunde, chukua g, yani mchapuko wa mvutano wa dunia, kuwa 10 ili hesabu isichoshe, juu ni chanya kwa hiyo mchapuko ni −10. Baada ya sekunde 3 limetembea umbali gani? Mtu anaingiza:

s = 20 × 3 − 5 × 9 = 60 − 45 = 15

anaandika "mita 15" anafunga daftari. Kakosa. Hiyo 15 ni displesimenti, jiwe liko mita 15 juu ya mkono. Umbali inabidi uulize, je liligeuka kabla ya sekunde ya 3? Kitu kikigeuka velositi yake inapita kwenye sifuri, hakuna namna nyingine kwa mwendo wa aina hii, kwa hiyo weka v = 0: 0 = 20 − 10t, t = 2. Liligeuka sekunde ya 2, na sekunde 2 iko ndani ya zile 3, basi lazima ukate safari vipande viwili. Kipande cha kwanza, sekunde 2 kupanda: s = 40 − 20 = mita 20. Kipande cha pili, kutoka mita 20 mpaka mita 15, limeshuka 5. Umbali ni mita 25.

Sasa jaribu sekunde 1 badala ya 3. s = 20 − 5 = 15. Ile ile 15! Lakini safari hii jiwe bado linapanda, halijageuka, umbali nao ni 15. Fomula imekupa jibu moja kwa nyakati mbili tofauti kwa sababu jiwe lilipita mahali pale pale mara mbili, likipanda na likishuka, na ndo maana ukiulizwa "lini jiwe litakuwa mita 15 juu" ukatatua ile hesabu ya kipeo cha pili unapata t = 1 na t = 3 na zote ni sahihi, usitupe moja eti kwa sababu hukutegemea mbili.

Kwa hiyo ukiwa na mchapuko unaopingana na velositi ya mwanzo, yani kimoja chanya kingine hasi, washa taa ya tahadhari. Tafuta t ya v = 0. Kama iko nje ya muda uliopewa, tulia, ukubwa wa s ndo umbali. Kama iko ndani, kata vipande, tafuta kila kipande peke yake, vua alama za kutoa, jumlisha. Kama vyote viwili vina alama moja, kitu hakigeuki, songa mbele.

Grafu nazo. Kwenye grafu ya mahali na muda kugeuka unakuona kwa macho, ni pale mstari unapofika kilele ukaanza kushuka, au unapofika bondeni ukaanza kupanda. Displesimenti ni kimo cha mwisho toa kimo cha mwanzo, umbali ni jumla ya mapando yote na mashuko yote. Usipime urefu wa ule mstari kwa rula, kuna watu wanafanya hivyo, ule mstari siyo barabara, mhimili wa chini ni muda.

Kwenye grafu ya velositi na muda mambo yanabadilika. Hapa kilele siyo kugeuka. Kugeuka ni pale mstari unapoukata mhimili wa muda, unapotoka juu kwenda chini yake au chini kuja juu. Hapa watu wanaumia kwa sababu mstari ukianza kushuka wanasema "kaanza kurudi", wakati kapunguza mwendo tu, bado anaenda mbele. Eneo kati ya mstari na mhimili ndo linakupa safari: eneo la juu ni kwenda mbele, eneo la chini ni kurudi. Displesimenti ni la juu toa la chini, umbali ni la juu jumlisha la chini.

Weka bajaji. Sekunde 5 za kwanza inaenda mita 6 kwa sekunde bila kubadilika. Kutoka sekunde ya 5 velositi inashuka sawasawa, inafika sifuri sekunde ya 8, inaendelea kushuka mpaka −6 sekunde ya 11, alafu inabaki −6 mpaka sekunde ya 13. Juu ya mhimili una mstatili wa 5 × 6 = 30 na pembetatu ya ½ × 3 × 6 = 9, jumla 39. Chini una pembetatu nyingine ya 9 na mstatili wa 2 × 6 = 12, jumla 21. Umbali = 39 + 21 = mita 60. Displesimenti = 39 − 21 = mita 18 mbele ya ilipoanzia. Hebu ona, bajaji imerudi nyuma sekunde 5 nzima na bado displesimenti ni chanya, maana haijarudi kiasi cha kufuta yote iliyokwenda. (Ndio, najua bajaji haiwezi kurudi nyuma kwa mita 6 kwa sekunde, ni kama kilomita 22 kwa saa, dereva wa kufanya hivyo anyang'anywe leseni.)

Walioko kidato cha tano na sita wanaopewa mahali kama fomula ya t, mchezo ni ule ule. Tuseme x = t³ − 6t² + 9t, kutoka t = 0 mpaka t = 4. Displesimenti ni kuingiza tu: mwanzoni 0, mwishoni 64 − 96 + 36 = 4, kwa hiyo mita 4. Kwa umbali tafuta velositi kwa kudifarenshieti: v = 3t² − 12t + 9, ukiitenga kwa vigawo inakuwa 3(t − 1)(t − 3), sifuri kwenye t = 1 na t = 3. Imegeuka mara mbili. Mahali pake: t = 0 ni 0, t = 1 ni 4, t = 3 ni 0, t = 4 ni 4. Imeenda 4, ikarudi 4, ikaenda tena 4. Umbali ni mita 12. Hakikisha tu velositi inabadilisha alama kweli pale kwenye sifuri, maana kuna fomula inagusa sifuri alafu inaendelea upande ule ule, kama v = (t − 2)², hapo kitu kimesimama kidogo tu, hakijageuka.

Vifaa unavyotumia kila siku navyo vina upande wake. Ile mita ya kilomita kwenye dashibodi inahesabu umbali, ndo maana ukirudi nyumbani jioni namba haijarudi kuwa ya asubuhi, na mafuta na sevisi vinafuata namba hiyo. Simu ya kukimbilia mazoezini yenye GPS inachukua mahali pako kila baada ya muda mfupi, inatafuta displesimenti ndogo ndogo kati ya nukta na nukta, alafu inajumlisha ukubwa wa hizo zote kupata umbali, na kwa vile GPS inayumba yumba kidogo unaweza kuiacha simu mezani programu ikiwa imewashwa ukakuta imekuandikia mita kadhaa za bure. Umbali unaongezeka kwa kila kutikisika, displesimenti inabaki pale pale mezani.

La kujipima hili hapa, lifanye kabla hujasoma jibu. Mtu kasimama ukingoni juu ya jengo la mita 40, karusha mpira juu wima kwa mita 10 kwa sekunde, mpira ukapanda, ukashuka ukampita, ukafika chini barabarani. g ni 10. Tafuta muda, displesimenti, umbali, na wastani wa kasi na wa velositi.

Sifuri ni mkononi, chanya ni juu. Mwisho wa safari mpira uko mita 40 chini ya mkono (urefu wa mtu tunauacha), kwa hiyo displesimenti ni −40 na wala hujafanya hesabu yoyote. Ingiza: −40 = 10t − 5t², panga upya t² − 2t − 8 = 0, inakuwa (t − 4)(t + 2) = 0, t ni sekunde 4, ile −2 ni kabla ya kurusha kwa hiyo haituhusu. Umegeuka wapi? v = 0 kwenye t = 1, na hapo s = 10 − 5 = mita 5. Umepanda 5, ukashuka 5 mpaka usawa wa mkono na 40 nyingine mpaka chini, umbali ni mita 50. Wastani wa kasi 50 ÷ 4 = mita 12.5 kwa sekunde. Wastani wa velositi −40 ÷ 4 = −10, yani mita 10 kwa sekunde kuelekea chini. Kama umepata umbali 45 umesahau zile 5 za kupanda, kama umepata 40 hukutafuta kabisa pale ulipogeuka, na kama umeandika displesimenti 40 bila alama na bila neno "chini", jibu lako linasema mpira umeishia angani mita 40 juu ya mrushaji.